Dawa Isiyochemshwa

Gome la msesewa ni chungu. Anayelionja mara ya kwanza hulitema. Huko Tarakea, kama sehemu nyingine za wilaya ya Rombo na Kilimanjaro yote, gome hilo hutumika katika mbege, pombe ya ndizi mbivu zilizochemshwa mpaka zikageuka rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Msesewa huipa mbege uchungu wake na kuifanya isiharibike upesi. Gome likizidi, pombe hainyweki. Likipungua, inapooza. Ndiyo maana mama mpika mbege hujulikana kijijini kwa mkono wake wa kukadiria gome, kama mpishi wa pilau anavyojulikana kwa bizari.

Wataalamu wa mimea huuita mti huo Rauvolfia caffra. Una ndugu yake India, Rauvolfia serpentina, ambao mizizi yake imetumiwa na waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kwa karne nyingi kuwatuliza watu waliovurugikiwa akili na waliokosa usingizi. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha katika jarida la Uingereza la magonjwa ya moyo matokeo ya kuwapa mzizi huo wagonjwa wa shinikizo la damu. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba nchini Uswisi wakatoa ndani yake kemikali ya reserpini, ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za presha kutumika hospitalini katika nchi nyingi.

Kisa hicho kinapendeza kusimuliwa, na ndicho wengi hukitarajia wakisikia neno Ayurveda: mzizi, unga, mafuta, chupa yenye lebo ya kijani. Katika miji ya Afrika Mashariki biashara ya chupa hizo ipo na inakua. Lakini kinachostahili kusomwa zaidi katika vitabu vya Ayurveda hakina mzizi wala gome. Ni sura zinazozungumzia namna mtu anavyosalimia, anavyokula, anavyokasirika, anavyoomba radhi na anavyolala. Na mtu wa Tarakea akizisoma, atakuta mengi aliyokwisha kuambiwa na bibi yake akiwa kando ya moto.

Kitabu kikuu ni Charaka Samhita, ambacho wanazuoni wengi hukiweka karibu miaka 2,000 iliyopita. Kina sura 120 katika sehemu 8. Sura ya nane ya sehemu ya kwanza inaeleza sadvritta, yaani mwenendo mwema, na inaeleza kwa undani wa mambo madogomadogo. Uwe wa kwanza kusalimia. Uwe na uso mkunjufu. Sema kwa wakati wake, sema maneno machache, yawe ya kweli na matamu. Usipige mwayo, usipige chafya wala usicheke bila kuziba mdomo. Waheshimu wazee na walimu. Wasaidie walio taabuni. Kuna pia agizo moja ambalo lingefaa kusomwa Rombo kila Desemba, wakati magari mapya yanapopanda mlima kutoka Dar es Salaam na majirani wanapohesabu nyumba za ghorofa: mwonee mtu wivu kwa juhudi zake, usimwonee wivu kwa matunda yake.

Msomaji anaweza kusema hayo ni maadili, si tiba. Waandishi wa kitabu hicho wasingekubali. Katika sehemu ya tiba kuna sura juu ya rasayana, dawa za kuimarisha mwili na kurefusha maisha, na nyingi hutayarishwa kwa matunda na mitishamba kwa kazi ndefu ya kuloweka, kusaga na kuchemsha. Mwishoni mwa sura hiyo pameingizwa rasayana ya aina nyingine, rasayana ya mwenendo. Mtu msema kweli, asiye na hasira, asiyedhuru viumbe, mtulivu, mkarimu, mwenye kauli laini, mwenye kiasi katika kulala na kuamka, anayewatunza wazee wake, mtu huyo hupata faida zote za rasayana bila kumeza kitu. Mganga anaweka tabia katika orodha ileile ya dawa, kana kwamba anaipima kwa mizani moja na mizizi.

Wala hakuna haja ya kudai kuwa Wachaga wa Kilimanjaro walifundishwa hayo na Wahindi. Wafanyabiashara wa Kihindi waliongezeka Moshi baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911, wakaleta maduka, mahekalu na viungo, na bila shaka huko nyuma pwani ilikwisha kupokea mwarobaini kutoka kwao, mti ambao jina lake la Kiswahili linahesabu maradhi arobaini. Lakini salamu za mlimani ni za mlimani. Watu wawili waliotazama kwa makini namna binadamu anavyougua na anavyopona wanaweza kufika mahali pamoja kwa njia mbili.

Tuanze na salamu, maana sura ya nane nayo haikuidharau.

Katika barabara ya lami inayotoka Marangu, ikapita Mkuu na Useri mpaka Tarakea kwenye mpaka wa Kenya, asubuhi za ukungu, mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani hukutana na mzee anayeteremka mnadani kutafuta tumbaku. Mzigo ni mzito na mlima ni mkali. Bado mama husimama. Shikamoo. Marahaba, za nyumbani? Nzuri, na za kwako? Watoto hawajambo? Yule aliyekuwa anakohoa je? Na ng'ombe amezaa? Sehemu nyingi za mlima huu mazungumzo hayo huisha kwa neno la shukrani, aika mbee kwa mwanamume, aika mae kwa mwanamke. Dakika 3 hivi zimepita. Katika dakika hizo mtoto anayekohoa ametajwa, na mzee huyo atafika mnadani akiwa anajua kuwa nyumba fulani ina mgonjwa. Kama mzee mwenyewe angekuwa hajaonekana siku 3, mama angeuliza. Mfumo wa kufuatilia afya wa namna hiyo hauna bajeti wala fomu, nao umekuwapo tangu kabla ya zahanati.

Kiswahili chenyewe kimeliweka jambo hilo wazi. Tunauliza, u mzima? Uzima ni afya, na ni hali ya kitu kisichopungua wala kumegeka. Tunasema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo husemwa kwa mzaha mgeni akija na kuku akachinjwa, lakini neno lililotumika ni kupona, na wahenga hawakulichagua ovyo. Nyumba isiyofikiwa na mtu ina ugonjwa wake.

Sayansi ya sasa inakubaliana nao kwa takwimu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la PLoS Medicine uchambuzi wa tafiti 148 zilizohusisha watu 308,849. Waliokuwa na mahusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50, wa kuwa hai mwishoni mwa kipindi cha kufuatiliwa, kipindi ambacho kwa wastani kilikuwa miaka 7.5. Watafiti hao walilinganisha tofauti hiyo na ya kuacha sigara. Anayempita mzee barabarani bila kumsalimia, macho yakiwa kwenye simu, hafanyi utovu wa adabu tu.

Lakini jambo ambalo mlima huu umelitengeneza vizuri kuliko vitabu vingi ni isale.

Isale ni mmea wa jamii ya dracaena, wenye majani marefu ya kijani. Hupandwa mpakani, kihamba (shamba la nyumbani) cha huyu kinapoishia na cha yule kinapoanzia. Hupandwa pia mahali walipozikwa wazee. Na mtu aliyekosa, awe amemtukana jirani, amempiga mkewe, au ameingiza jembe upande usio wake, hukata jani la isale, akalipiga fundo, akaenda nalo kwa aliyemkosea, au akamtuma mzee mwenye heshima alipeleke. Anayelipokea hawezi kulikataa kirahisi. Kulikataa isale ni kujitenga na watu, na zamani ilihofiwa kuwa mwenye kulikataa hujivutia mikosi yeye mwenyewe. Mangi, yaani chifu, Petro Itosi Marealle, aliyechapisha mwaka 1947 kitabu chake Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, aliandika humo mila za Wachaga. Ni karibu miaka 80 sasa, na isale bado lipo.

Lifikiriwe jambo hilo kwa utulivu. Vihamba vya Kilimanjaro ni vidogo, vimegawanywa baba kwa mwana kizazi baada ya kizazi, na ugomvi mwingi wa ndugu huanzia kwenye mpaka. Mmea unaoonyesha mpaka ndio uleule unaochumwa kuomba radhi. Mgomvi haendi mbali kutafuta dawa. Amesimama karibu nayo wakati anagombana. Waliobuni utaratibu huo walijua ugonjwa unatokea wapi, wakapanda tiba yake papo hapo.

Na ni ugonjwa kwelikweli. Mwenye kinyongo na nduguye hulala vibaya. Hula haraka au hali kabisa. Hupita njia ndefu asikutane naye. Akifika hospitali ya Huruma au akipelekwa KCMC Moshi, daktari ataandika presha au vidonda vya tumbo, na ataandika sawasawa, ila jirani zake wanajua kuwa ugonjwa ulianza siku mpaka uliposogezwa hatua mbili. Ayurveda ina neno kwa chanzo hicho: prajnaparadha, kosa la akili. Linatokea kwa njia tatu. Mtu hajui lililo sawa; au analijua lakini hawezi kujizuia; au alilijua, akalisahau. Charaka anahesabu kosa hilo miongoni mwa sababu kubwa za maradhi, ya mwili na ya moyo.

Hapo ndipo pombe inapoingia, na Rombo haiwezi kuandikwa bila kuitaja.

Mbege ina sheria zake. Mwenye kuiandaa huonja kwanza mbele ya wageni, wajue haina kitu kibaya. Wazee hutangulia. Watu hukaa, hawanywi wakitembea. Kata ilizunguka kwa zamu, na mwenye kuvuta sana alitazamwa. Siku hizi wengi wanatumia kikombe cha mtu binafsi kwa sababu ya magonjwa ya kuambukiza, na hilo ni sawa. Pombe yenyewe ni nzito kama uji, hushibisha kabla haijalevya sana. Sura ya 24 ya sehemu ya tiba ya Charaka inasema karibu hayohayo juu ya mvinyo: ukinywewa kwa utaratibu, kwa kiasi, kwa wakati wake, pamoja na chakula na watu wema, ni kama kinywaji cha uzima; ukinywewa kinyume chake ni sumu. Kweli, rasayana ya mwenendo inamsifu asiyegusa pombe kabisa, kwa hiyo kitabu kimoja kina kauli mbili. Waganga wa zamani nao waliishi na watu wanaokunywa.

Kilichoiumiza Rombo ni kuvunjika kwa utaratibu huo. Gongo hunywewa haraka, kwa siri, bila mzee wa kutangulia, na chupa ndogo humlaza kijana chini saa 4 asubuhi. Vilikuja viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki iliyoingia mfukoni mwa mwanafunzi, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Marufuku ilikuwa ya haki, lakini sheria huondoa kifuko tu. Haimrudishii kijana mtu wa kukaa naye. Wanawake wa Rombo wanaolea watoto peke yao huku waume zao wakiokotwa njiani wanalijua jambo hili kuliko mwandishi yeyote, na hawahitaji kuhubiriwa juu ya mila. Wanahitaji wanaume wakae tena mahali wanapoonekana na wanapoulizwa.

Sura ya saba ya sehemu ya kwanza ya Charaka ina wazo jingine ambalo wanaume hao wangefaa kulisikia. Inataja haja 13 za mwili ambazo si vyema kuzizuia: mkojo, chafya, njaa, kiu, usingizi na nyinginezo. Machozi yamo. Kisha inataja misukumo ambayo ni lazima izuiwe: tamaa, hasira, kijicho, majivuno, maneno makali. Mvulana wa Kitanzania hufundishwa kinyume chake kabisa. Akilia huambiwa jikaze, wewe mwanaume, akifoka huachiwa. Bahati nzuri msiba wa mlimani bado unaacha nafasi. Maiti huzikwa kihambani, nyumbani kwake, watu hukaa siku kadhaa na wafiwa, jumuiya ndogondogo za Kanisa Katoliki huja kusali jioni, na mwanaume anaweza kulia mbele ya wanaume wenzake asionekane dhaifu. Jumuiya hizo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, ndizo pia zinazomtembelea mgonjwa kitandani na kumfulia nguo. Ni sadvritta ya Rombo, imevaa rozari.

Wapo watakaoogopa kwamba maneno haya yanawafukuza watu hospitalini. Hapana. Hakuna salamu inayoponya malaria, wala jani la isale linalozuia damu ya mama aliyejifungua. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza la kuisimamia, na anayeuza unga wa Kihindi au mzizi wa Kichaga na kudai unatibu saratani anapaswa kubanwa na sheria hiyo. Vitabu hivyo vya kale pia vina mambo ya kuachwa. Sura hiyohiyo ya mwenendo mwema inamwonya mwanaume asimwamini mwanamke kupita kiasi. Mila za mlimani nazo zilimnyima binti kihamba, na mara nyingi amani ya ukoo ilipatikana kwa kumnyamazisha mjane. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa ya ardhi. Isale linalopelekwa kwake ili akubali kudhulumiwa ni matumizi mabaya ya isale.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya Watanzania, Wakenya na wengine walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wagonjwa, na kila mgonjwa hutamani jambo moja la kufanya mara moja likaisha. Mwenendo hauwezi kuahidi hivyo, na ndiyo sababu hauuziki. Faida yake huja kidogokidogo, kama waongozaji wa watalii wanavyofundisha kwenye njia ya Rongai, inayoanzia upande huuhuu wa mlima, karibu na Tarakea. Ziko tembe za kusaidia mwili kuzoea hewa nyepesi. Hata hivyo kinachowafikisha wengi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni maneno mawili yanayorudiwa siku nzima, polepole na kunywa maji. Kijana mwenye misuli anayekimbia siku ya kwanza ndiye hushushwa kwa machela siku ya nne.

Mrombo mwenyewe anajua kukimbia. Dar es Salaam duka la mtaani huitwa kwa Mangi, na mara nyingi Mangi huyo ametoka Useri au Tarakea. Hufungua kabla jua halijachomoza, hufunga karibu na usiku wa manane. Hula amesimama, mkono mmoja kwenye sahani, mwingine kwenye droo ya chenji. Hulala dukani kati ya magunia. Akiwa na miaka 45 ameshajenga nyumbani, na ameshapata presha na sukari. Ayurveda ingemwambia aamke mapema, na hilo analifanya tayari. Ingemwambia pia ale ameketi, kwa kiasi, bila ghadhabu, akijua anakula nini, na alale usiku wa kutosha. Ushauri huo hauna gharama ya dawa. Una gharama ya kufunga duka saa 3 usiku, na kwake hiyo ni gharama kubwa. Mkewe na wanawe wana haki ya kumwomba ailipe.

Tangu mwaka 2024 Serikali imekuwa ikiandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa mpango jumuishi, watu wanaopita nyumba kwa nyumba. Kwa Rombo lingekuwa jambo la maana kama mhudumu, akishauliza chandarua na chanjo, angeuliza maswali mengine mawili: mzee huyu anatembelewa na nani, na nyumba hii haisemezani na nyumba ipi? Majibu yangemwonyesha wagonjwa wa mwaka kesho. Asingeweza kuwapa kidonge, lakini angejua mzee gani wa mtaa amtume wapi.

Na wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mabasi yatakapoanza kushusha watu Mkuu, Useri na Tarakea, koo zitakaa kama kawaida. Mbuzi atachinjwa, kila kiungo kitapewa mwenyewe, michango ya kaburi la babu itasomwa. Kabla ya nyama, wazee wana uwezo wa kutenga saa moja kwa ajili ya wale wasiosemezana. Mtoto aliyezaliwa Mbagala au Tegeta, Dar es Salaam, huenda hajui hata isale ni lipi kati ya majani ya uani. Babu amshike mkono, ampeleke mpakani, amwonyeshe jani refu lisiloliwa na wadudu, amfundishe kulikata bila kuliharibu shina na kulipiga fundo lisilochanika. Kisha waende wote wawili kwa jirani, giza halijaingia, babu akiwa mbele, na mtoto nyuma amelishika jani kwa mikono miwili.